Vitana Viwili vya Dhahabu

Katika labo yetu, maabara ya hapa Bukavu, anayeondoka haagwi kwa hotuba. Anapewa soda na mandazi, kisha anapewa kalamu na kuambiwa aandike yale ambayo wenzake wapya hawatayakuta kitabuni. Vyeo na mishahara haviruhusiwi. Papa Mugisho, mkuu wa labo, aliyeanzisha desturi hii, anasema mambo hayo mawili hayajawahi kumsaidia mtu kukaza boliti. Zamu yangu imefika. Maman Ziada, fundi wetu wa pampu, anaita kuondoka kwangu "retraite", ingawa sina hata unywele mmoja mweupe na ninakwenda tu Walungu kufundisha fizikia. Anasema mtu aliyeuliza maswali mengi kama mimi amekwisha kufanya kazi ya maisha mazima. Apumzike, na wao wapumzike.

Basi ninawaandikia kama mstaafu.

Nilifika siku ya kwanza nikiwa msichana mwenye diploma ya chuo kikuu na mashaka juu ya kila kitu, pamoja na labo yenyewe. Mnaijua: vyumba viwili mlimani, mabati yanayolia mvua ikinyesha, jenereta, ambayo hapa tunaiita groupe, nyuma ya choo. Nilikuwa nimeambiwa kwamba humo watu wanapima vichujio vya kamera za angani. Nikauliza kamera ziko wapi. Hazikuwepo. Nikauliza anga liko wapi. Papa Mugisho akanionyesha tangi la chuma lenye kidirisha cha mviringo, akaligonga kwa kidole.

"Anga iko mule," akasema. "Tukitosha hewa yote, mule na kule juu iko sawasawa."

Nikamwambia hakuna tangi linaloweza kutolewa hewa yote. Alimgeukia maman Ziada, aliyekuwa amepiga magoti kando ya pampu na spana mkononi.

"Huyu atabaki," akasema.

"Ao atatumaliza," maman Ziada akajibu, bila kuinua kichwa.

Kazi yenyewe niliielewa polepole, na ninawaeleza kama ningependa nami nielezwe. Juu kabisa, mbali kupita mawingu, dunia yetu imezungukwa na chembe zenye chaji. Sumaku ya dunia huzishika na kuzizungusha. Mara nyingine chembe kama hiyo hukutana na atomu ya hidrojeni, ikainyang'anya elektroni yake, na tangu hapo haina chaji tena. Sumaku haiwezi kuishika. Inaondoka kwa mstari ulionyooka, kama mwanga unavyoondoka kwenye taa. Ukizikusanya atomu za namna hiyo unaweza kuchora picha ya mahali zilikotoka, mahali ambapo kamera ya kawaida ingeona giza tu.

Shida ni kwamba atomu hizo ni chache na nguvu yake ni ndogo, na huko juu kumejaa mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho. Kipokezi, kile kifaa cha kuzihesabu, hakijui kutofautisha. Kikiguswa na atomu kinahesabu moja. Kikiguswa na mwanga kinahesabu moja vilevile. Ni kama mlinzi wa mlango wa harusi anayemwingiza kila aliyevaa koti: mwishoni chakula kinawaishia ndugu wa bibi harusi, na ukumbi umejaa watu wasiojulikana.

Ndipo kinapohitajika kichujio. Chetu ni utando wa dhahabu uliochongwa kama kitana, meno yake membamba mno na nafasi kati ya meno nyembamba kuliko wimbi la mwanga ule. Mwanga unafika pale unakwama. Atomu, ambayo ni ndogo kuliko nafasi hiyo mara nyingi mno, inapita bila kujua kwamba kulikuwa na mlango.

Neno dhahabu limetuletea taabu. Binamu yangu mmoja anayefanya biashara Kamituga alisikia kwamba ninashika dhahabu kila siku, akaja kunitembelea kwa heshima ambayo hakuwahi kunionyesha. Nilimwonyesha kitana. Alikitazama, akanitazama mimi, akasema mchimbaji wa kwao akikata kucha anatupa nyingi kuliko hiyo. Hajarudi. Mpakani Ruzizi, ambako vitana vyetu hupitia vikitoka ng'ambo vimebandikwa kwenye fremu zetu, ofisa mmoja alifungua kisanduku, akaona fremu yenye kitu kama utando wa buibui, akanyoosha kidole autoe ule uchafu. Papa Mugisho, mtu mzima, shemasi, aliushika mkono wa ofisa wa serikali hewani. Tulikaa pale hadi alasiri tukieleza.

Kutoka kwa papa Mugisho nilijifunza usafi. Kila kinachoingia ndani ya tangi kinafutwa kwa alkoholi: boliti, fremu, waya, hata koleo la kushikia vile vilivyokwisha kufutwa. Alama ya kidole kwenye chuma, ndani ya utupu, hutoa mvuke kwa muda mrefu na kuharibu kipimo. Alikuwa anafuta hadi kalamu yake, ambayo haikuwa inaingia popote. Nilimuuliza sababu. Alisema mkono ukizoea hausahau. Sikuridhika, lakini leo nami ninafuta kalamu.

Kutoka kwa maman Ziada nilijifunza utupu wenyewe. Yeye ni mtu wa Uvira, wa familia ya wafanyabiashara, na utupu aliuhesabu kama bidhaa: unatoka mbali, una gharama, unaoza haraka. Kulivuta tangi hadi lifae kwa kipimo kunachukua siku nzima na zaidi, na umeme wa mji huu, courant, mnaujua. Ukikatika kabla jenereta haijawaka, hewa inarudi na kazi yote inaanza upya. Alikuwa anaweka kiganja juu ya pampu kama mtu anayempima mtoto homa, akasema kama itafika jioni au haitafika. Nilimuuliza anajuaje. "Naisikia," alisema. Niliandika vipimo vya joto kwa wiki kadhaa ili nione kama anabahatisha. Mara nyingine alikuwa anabahatisha. Nilimwambia, akacheka, akasema hata daktari.

Kwa sababu hiyo labo yetu ilikuwa na tabia moja ambayo sijaisoma popote. Tulipopata utupu mzuri tuliruka moja kwa moja kwenye kipimo chenyewe, yaani kukipiga kichujio atomu na mwanga wa taa kwa pamoja. Hatukupiga picha tupu. Picha tupu ni ile unayopiga baada ya kuzifungia atomu njia, taa ya urujuanimno ikiendelea kuwaka. Haipaswi kuonyesha kitu. Katika labo zenye umeme wa kudumu watu huipiga bila kufikiri. Sisi tuliona kwamba kutumia utupu wa siku nzima kutazama kitu ambacho hakipo ni kama kuwasha jenereta ili kuona kama giza limeingia. Papa Mugisho alikuwa na msemo wake: "Utupu haiko ya kuchezea." Nilipouliza, nilijibiwa hivyo. Nilipouliza tena, maman Ziada alinipa mandazi.

Sasa niwaambie habari ya vitana viwili.

Mwanga hutikisika unapokwenda. Kitana kimoja huzuia vizuri mtikisiko wa upande mmoja, lakini ule wa upande wa pili hupenya kidogo, na huko juu hicho kidogo ni kingi kuliko atomu zote. Papa Mugisho alitaka kuweka vitana viwili vilivyokingamana, kimoja meno yake yamesimama, kingine yamelala, kama nyuzi za kitambaa. Kinachopenya cha kwanza kinakamatwa na cha pili. Nilimuuliza kama yeye ndiye wa kwanza duniani kuwaza hivyo. Alisema hajui, labda hapana. Lakini namna ya kuviweka karibu hivyo bila kugusana wala kupasuka, hiyo ilikuwa yake. Aliitafuta kwa miaka, na fremu alizichonga kwa mkono wake.

Washirika wetu wa ng'ambo walikuwa wanatafuta kichujio kimoja cha kuweka katika setilaiti ndogo. Vilikuwepo vya watu wengine. Papa Mugisho alikuwa anakaribia kustaafu, kustaafu kwa kweli, kwa mvi, na hakuna aliyejua kama labo ingebaki wazi baada yake. Hakuwahi kusema kwamba anataka sana chetu kichaguliwe. Alianza tu kuja kazini na shati lililopigwa pasi.

Mbele ya vitana tuliweka kibati chenye matundu ili kuona kama picha inatoka sawa. Maman Ziada alikitoboa kwa umbo la rasi za mji wetu, zile zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Tukavuta utupu, tukawasha chanzo cha atomu na taa ya urujuanimno kwa pamoja, kama hali ilivyo huko juu. Mkono ukatokea kwenye skrini, kidole kimoja kimoja, kingo zake safi kama zimekatwa kwa mkasi. Maman Ziada alionyesha mahali dada yake anapoishi. Papa Mugisho alitoka nje, tukamsikia akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini nyuma ya choo. Aliporudi, aliituma picha ile kwa washirika siku hiyohiyo.

Mimi nilibaki nayo. Sikuipenda, na nilichukua muda kujua kwa nini. Mbele ya kipokezi chetu kuna utando wa kaboni, mwembamba sana. Atomu yenye nguvu ndogo ikiupita huyumba kidogo, kama mtu anayetoka mlango mfinyu na mzigo kichwani. Kwa hiyo picha ya atomu lazima iwe na ukungu pembeni. Yetu haikuwa na ukungu. Ilikuwa nzuri kuliko atomu zinavyoweza kuwa nzuri.

Nilimwambia papa Mugisho asubuhi iliyofuata, akiwa anafuta boliti. Alisikiliza hadi mwisho, hilo lazima niliseme. Kisha akauliza ninataka nini. Nikasema picha tupu.

"Ya kitu hakuna," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Courant inaenda inarudi, mafuta ya groupe iko nusu, na weye unataka tupige picha ya kitu hakuna."

Nikasema kwamba kama ni kitu hakuna, hatutapoteza ila siku moja. Kama ni kitu, basi tumetuma picha iliyochorwa na taa. Hapo uso wake ulifungika. Aliniambia, kwa Kifaransa, lugha anayoitumia akitaka kuwa mbali nawe, kwamba kuna mashaka yanayojenga na mashaka ya vijana. Niliuliza tofauti yake inapimwaje. Alitoka nje. Hakuimba.

Aliyetuokoa ni maman Ziada, na hakuwa na hoja yoyote ya fizikia. Mchana, tukila, alisema kwamba tangi bado lina utupu wa jana, kwamba utupu huo kesho utakuwa umeoza, na kwamba yeye hapendi kutupa chakula.

"Mupe mutoto ile saa yake, muzee," alisema. "Kama ni bongo, maneno ya uongo, atanyamaza mwezi mzima. Fikiria hiyo."

Papa Mugisho alifikiria hiyo. Akavaa glavu. Alitaka kufunga njia ya atomu kwa mkono wake mwenyewe, na alifunga. Taa iliendelea kuwaka. Tulingoja.

Mkono ukatokea kwenye skrini. Ukaja na vidole vyake vyote, na kingo zake safi. Hapakuwa na atomu hata moja iliyofunguliwa njia, na mji wetu ulikuwa unang'aa pale bila kupungua.

Sikufurahi. Ninyi mnaopenda kuuliza, jiandaeni kwa hilo: kuna siku utakuwa na haki na itakuuma. Papa Mugisho aliketi. Maman Ziada alizima redio, ingawa ilikuwa chini sana. Papa Mugisho akasema, "Inapitia wapi?" Hakumwuliza mtu yeyote kati yetu. Alikuwa anauuliza mwanga.

Jibu lilitusumbua. Hakukuwa na mpasuko. Fremu zilikaa sawa. Nikaanza kushuku kwamba vitana havikukingamana, kwamba vyote viwili vilikuwa vimelala upande mmoja, na cha pili kilikuwa kinazuia kilekile ambacho cha kwanza kimekwisha kuzuia. Lakini meno yake hayaonekani, hata kwa darubini yetu, na fremu ni mraba, pande zake zote sawa. Papa Mugisho alisema haiwezekani, kwa sababu alipovipokea alitia alama kwenye kona ya kila fremu kuonyesha upande wa meno, nukta ndogo ya rangi ya kucha aliyoazima kwa binti yake.

Tukafungua tangi. Hewa ikaingia kwa mlio ule ambao maman Ziada huuita pesa ikitoka. Tukazitoa fremu. Nukta hazikuwepo. Kona zote zilikuwa safi, zinang'aa, zimefutwa vizuri kwa alkoholi kama kila kinachoingia ndani ya tangi lile.

Papa Mugisho alizigeuza mara kadhaa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha taratibu, mabega tu, hadi maman Ziada naye akashikwa, na mimi. "Mikono imezoea," alisema. "Haisahau."

Sasa kazi ilikuwa kuyajua meno bila kuyaona. Hapa niliwafaa kidogo. Kitana cha dhahabu hufanya na mwanga mwekundu wa kawaida kama kinavyofanya na urujuanimno, ila kwa udhaifu: hupitisha mtikisiko wa upande mmoja zaidi. Kuna miwani ya jua ambayo hufanya hivyohivyo. Nilishuka barabarani kwa waendesha pikipiki, nikaanza kuijaribu miwani yao mmoja mmoja mbele ya skrini ya simu yangu. Miwani ya kweli, ukiizungusha mbele ya skrini, hufika mahali inakuwa nyeusi. Ya bandia haibadiliki. Mnaweza kukisia sokoni kwetu ipi ndiyo mingi. Mmoja, aliyekuwa ametoka Bunyakiri na vumbi hadi kwenye kope, aliniuliza kama mimi ni wa serikali. Yake ilikuwa ya kweli, naye hakujua. Alipoona simu inazimika ndani ya kioo, alikataa kuniazima hadi nimwahidi kumrudishia siku hiyohiyo, na akapanda nami mlimani aione kazi inayofanywa na miwani yake.

Tukasimama dirishani, kitana mkononi, taa nyekundu nyuma yake, miwani mbele. Ukizungusha, mwanga unapungua, unaongezeka. Meno yakajitangaza. Vitana vyote viwili vilikuwa vimekaa upande mmoja. Papa Mugisho alikigeuza kimoja robo ya mzunguko na kukaza boliti. Safari hii alama aliichora kwa msumari, kwenye chuma chenyewe.

Lakini kabla hatujavuta utupu tena, alifanya jambo ambalo sikumwomba. Aliwapigia wale wa ng'ambo, skrini imewashwa, sisi wawili tumekaa nyuma yake. Aliwaambia kwamba picha aliyowatumia ni ya taa, kwamba alama zilifutwa na yeye mwenyewe kwa mkono wake, na kwamba anaiondoa. Hakutaja umeme. Hakutaja mafuta. Waliuliza kama ana nyingine. Akasema bado. Wakasema wengine wamekwisha kuleta, ila watangoja kidogo, si sana. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, na lilikuwa limepigwa pasi.

Umeme ulikatika mara mbili tukivuta utupu. Mara ya pili maman Ziada aliikimbilia jenereta akiwa na kiatu kimoja. Tulipoupata, tulipiga picha tupu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Taa ikiwaka, atomu zimefungwa. Tulingoja kama tulivyongoja siku ile. Skrini ilibaki nyeusi. Kulikuwa na nukta chache zilizotawanyika, kama vumbi, ambazo kila kipokezi huwa nazo.

"Ziada," papa Mugisho aliita. "Kuya uone."

Maman Ziada alikuja akipangusa mikono, akatazama.

"Nione nini? Kitu aiko."

"Njo vile," akakubali papa Mugisho, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonyesha mjukuu. "Tazama muzuri. Kitu aiko kabisa."

Kisha tukazifungulia atomu njia, na mkono ukaja. Ulikuwa hafifu, umevimba vidole, na ukungu pembeni. Nyumba ya dada yake maman Ziada haikuonekana tena, ilikuwa imemezwa na ziwa. Papa Mugisho alizituma picha zote mbili pamoja, ile nyeusi ikitangulia.

Jibu lilikuja asubuhi moja nikiwa ninafuta koleo. Papa Mugisho alilisoma akiwa amesimama. Alilisoma tena. Kisha akanipa simu, akasema nisome na mimi, kwa sababu macho yake yanaweza kuwa yanasoma kile yanachokitaka. Nilisoma. Waliandika kwamba wanakichukua kichujio chetu, na kwamba tuandae fremu mbili zaidi.

Nilimrudishia simu. Nikamuuliza, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, kama anataka tuwapigie tuhakikishe kwamba hawakukosea wa kumwandikia.

"Hapana, mama," akasema. "Hii moja tuiache."

Nikaiacha.